Mshika Kibendera wa Temeke

Mwanaidi alikuja Jumanne, wakati wanawake wa msibani walikuwa wameshapungua na sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe. Nilikuwa nimekaa kitandani, maana mwanamke wa eda hana pa kwenda, nikasikia nje sauti ya bibi kizee ikiuliza kama hapa ndipo kwa marehemu Athumani, fundi seremala. Binti yangu Zaina akamjibu kuwa ndipo, karibu. Yule bibi akakohoa kabla ya kuvuka kizingiti, na kwa kikohozi kile nikajua ni nani, ingawa mara ya mwisho kumsikia Wazungu walikuwa bado wanapandisha bendera yao pale mjini. Nilikasirika. Sikufurahi wala sikulia, nilikasirika tu, na nilishangaa kuona hasira yenyewe ilivyokuwa mbichi baada ya miaka yote ile. Akaingia, akakaa mkekani, akaweka mkoba wake mapajani, akasema, "Tatu, pole mwenzangu." Nikamwambia ahsante. Akawa anakitazama kitanda, mchongo wake wa maua kichwani na miguu yake minene. "Ndicho kile?" akauliza. Nikamwambia ndicho kile.

Ya ukoo wangu na ya utoto wangu sitayasema hapa. Ninautaka mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo wiki chache nilizokuwa nikitembea na shoga zangu kabla sijaolewa. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, vijana waliopelekwa Bama kupigana walikuwa wamerudi na makoti yao mazito yasiyofaa kwa joto letu, na sukari ilikuwa bado inauzwa kwa kipimo. Kinondoni kwetu ilikuwa mikorosho, vijia, na nyumba za makuti zilizokaa mbalimbali, kiasi kwamba ukitaka kuazima kipekecho unatembea. Posa yangu ilitoka Temeke. Baba aliikubali, mama akaniambia nikiwa napepeta mchele, nami nikaendelea kupepeta. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza, "Mama, yukoje?" Mama akasema ni mtu mwenye kazi yake. Nikamuuliza shangazi, akasema ni mcha Mungu. Nikamuuliza mke wa mjomba, aliyekuwa hana siri, akasema ana mikono ya dhahabu, seremala kama yeye Temeke nzima hakuna. Kila mtu alinipa kipande cha yule bwana, kazi yake, swala zake, mikono yake, na hakuna aliyenipa uso. Msichana wa leo atacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nalia kila nikienda kuteka maji, na aliyejua ni Mwanaidi peke yake.

Kwetu siku zile mwali akikaribia kuolewa alikuwa anaingizwa ndani, hatoki tena, anasingwa mwili na kufundishwa mpaka siku ya harusi. Lakini kabla ya kuingizwa, shoga zake walimwombea ruhusa aende kuaga. Na kuaga kwenyewe kulikuwa na kazi ndani yake, kwa sababu harusi ilialikwa kwa mdomo. Watu walifuatwa majumbani, wakaambiwa uso kwa uso, na asiyefuatwa alikuwa na haki ya kununa mpaka kufa. Basi wasichana walibebeshwa majina ya ndugu wa mbali, na wao wakageuza mialiko ile kuwa matembezi. Sisi tulikuwa watatu. Mwanaidi alikuwa mrefu, mwenye maneno machache na uamuzi wa haraka. Asumini alikuwa mnene, mcheshi, hapiti mbele ya jiko la mtu bila kuuliza kinapikwa nini, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa mwali, kwa hiyo nilibebwa kama yai, na nilikuwa nachukia kubebwa.

Kwanza tulikwenda Kunduchi. Mjomba wake Mwanaidi alikuwa utingo wa lori lililokuwa likifuata chumvi huko, akatupandisha nyuma juu ya magunia matupu baada ya alfajiri, na Asumini akaimba njia nzima hadi dereva akagonga bati kumwambia apunguze. Tulikuwa tunakwenda kumwalika Bi Nuru, shangazi yake Mwanaidi, aliyekuwa akikaanga samaki na kuwauza. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nyuma, na kila kitu ndani, hata mto wa kulalia, kilinuka mafuta ya samaki. Alitupakulia changu wa moto juu ya sinia la bati, mihogo ya kuchemsha, na pilipili iliyokamuliwa ndimu, akasimama kutuangalia tunavyokula huku akisema kuleni, kuleni, nyie wa mjini mnakula upepo tu. Tulikula mpaka Asumini akafungua fundo la kanga. Baadaye nilitoka kunawa nyuma ya jiko, na ukuta wa fito ulikuwa na matundu, nikamsikia Bi Nuru ndani akimwambia Mwanaidi kwa sauti ya chini, "Kumbe huyu ndiye anayechukuliwa na yule fundi wa Temeke? Maskini mtoto wa watu." Mwanaidi akauliza, "Maskini kwa nini, shangazi?" Bi Nuru akasema, "Aa, mie sijasema kitu. Lete hilo karai."

Nilisimama pale na maji yananitiririka kwenye viwiko. Tulishuka ufukoni baadaye, tukaingia majini na kanga zetu, Asumini akijirusha na kupiga kelele, nami nilisimama maji yakinifika magotini bila kusikia raha yoyote. Mwanaidi akaja kusimama karibu yangu. Nikamwambia, "Shangazi yako ameniita maskini." Hakukana. Nikamwambia labda ni mlevi, labda anapiga wanawake, labda ana wake watatu, na nikalia kwa sauti, maana mawimbi yalinifichia. Mwanaidi aliniacha nilie. Halafu akasema, "Sikiliza. Kuna shangazi yake Asumini Temeke, bado hatujamwalika. Tutakwenda tumwone huyo bwana kwa macho yetu. Ukishamwona, utalia vizuri au utacheka vizuri, lakini hutalia gizani." Nilimpenda sana wakati ule. Nataka iandikwe hivyo, kwamba nilimpenda sana.

Temeke tulikwenda kwa miguu siku ya Jumapili, tumevaa buibui, tukapitia Magomeni na bonde la Jangwani, tukakatiza Kariakoo na Ilala, na Asumini alitusimamisha kila penye mtu anayeuza kitu. Shangazi yake alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na vitumbua vilivyoungua upande mmoja, akaupokea mwaliko kwa vigelegele, na Mwanaidi akaingiza swali lake kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: fundi Athumani anakaa wapi hapa? Yule mama akacheka. "Leo humpati kwake," akasema. "Mpira ukichezwa yeye hakosi siku hata moja. Nendeni uwanjani mtamkuta." Na kweli watu wote walikuwa wakienda uwanjani. Ulikuwa uwanja wa mchanga bila jani hata moja, milingoti ya goli ya miti ya porini, watu wamezunguka pande zote. Tulisimama mbali kidogo na wanaume, karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo, kila mmoja wetu ameuma ukingo wa buibui kwa meno ili uso usionekane.

Sijawahi kuutazama mpira kama nilivyoutazama siku ile, na sikuuelewa hata kidogo. Nilichokielewa ni mshika kibendera. Alikuwa mtu wa makamo, uso umetobolewa na ndui, jicho moja limezibika kabisa, naye ndiye aliyepewa fimbo yenye kitambaa chekundu akimbie pembeni mwa mstari kuangalia mpira unapotoka. Kila akiinua kitambaa chake watu walimpigia kelele. "Fundi, umeona kwa jicho lipi?" mmoja akapaza sauti, naye akajibu bila kusimama, "Kwa hilo lililofumba, hilo halipokei rushwa!" Uwanja mzima ukacheka. Na sisi tukacheka. Asumini alicheka mpaka akaniegemea, nami nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na kwa sababu ya woga niliokuwa nao kile kicheko kilinitoka kwa nguvu kuliko kawaida. Walioitwa fundi walikuwa wengi pale uwanjani, kila mtu mzima alikuwa fundi wa kitu fulani, kwa hiyo neno lile halikunigutusha.

Mwanaidi alikuwa amekwenda kwa mama wa mihogo kuuliza. Nilimwona akiinama, nikamwona yule mama akiinua kidevu kuelekeza. Mwanaidi akasimama pale muda, muda mrefu kuliko unaohitajika kununua mihogo, akageuka kunitazama, kisha akatazama tena uwanjani. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu na Asumini akamlalamikia, mihogo iko wapi? Nilikuwa natetemeka. Nikauliza, "Yupi?" Mwanaidi akanyoosha kidole chake ndani ya buibui, kikatokeza ncha tu. "Yule," akasema. "Yule mrefu, mwenye kitambaa cheupe kwenye kifundo cha mkono." Nikamtazama. Alikuwa kijana wa rangi ya maji ya kunde, shingo ndefu, anakimbia kana kwamba hajui kuchoka, na alipoanguka aliinuka akicheka na kumpa mkono aliyemwangusha. Nikauliza tena, "Yule? Una hakika?" Mwanaidi akasema, "Yule." Asumini akanifinya, akasema, "Loo, shoga, hivi yule maskini ni nani sasa, wewe au sisi?"

Niliporudi nyumbani nilikula ugali wote na nikakwangua sufuria. Mama alinitazama, na nilimsikia usiku ule akimwambia baba, mtoto ametulia, alhamdulillahi. Na kweli nilitulia. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha nyingine ya namna ile, isiyodaiwa kitu. Nilifua nikiimba. Nilisuka ukili wa mkeka wangu wa harusi usio na doa. Tulikwenda kuchuma zambarau upande wa Mwananyamala, tukarudi ndimi zetu nyeusi. Tulikwenda kuwaalika watu wa Msasani, tukashinda huko tukicheza bao la wanawake wa pale, na Asumini akanogewa na wali wa nazi akataka kulala hukohuko. Kila tulipokwenda nilikuwa na yule kijana kichwani, nikimwita Athumani kimyakimya, nikimweka kwenye kila chumba tulichoingia: hapa angekaa, hapa angetundika kanzu yake. Nilikuwa namsimulia Mwanaidi mambo haya yote. Yeye alizidi kupungua maneno, na mimi nilidhani ananionea wivu, tena nilimhurumia kwa hilo, mjinga mimi.

Idi ya mfungo tatu ikatukuta bado sijaingizwa ndani. Tukaenda Mnazi Mmoja kwenye pembea, na mji mzima ulikuwa pale, watoto na nguo zao mpya zinazonuka dukani, Wahindi na familia zao kwenye magari, wauza kashata na ubuyu. Nilipokuwa nikishuka kwenye pembea kundi la vijana likapita, na mmoja akanigonga bega. Alikuwa yeye. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Samahani, dada," akapita zake. Ni hilo tu. Katika maisha yangu yote ni hilo tu aliloniambia, na nililibeba kwenda nalo Kinondoni kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Njiani nilimwambia Mwanaidi, "Umesikia alivyosema? Mtu mwenye adabu vile anaweza kumpiga mkewe?" Mwanaidi akasimama katikati ya njia. "Tatu," akasema, "na kama..." Nikauliza, kama nini? Alinitazama uso, akaona nadhani kile alichokiona, akasema, "Na kama mvua ikinyesha siku ya harusi?" Nikacheka, nikamwambia inyeshe, sisi tutakuwa ndani.

Baada ya hapo niliingizwa. Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kanga, joto, harufu ya liwa na ya udi. Somo yangu, Bi Tausi, alinisinga asubuhi na jioni kwa mikono migumu huku akinifundisha namna ya kukaa, kusema, kunyamaza, na la mwisho ndilo alilolisisitiza. Chakula kililetwa kimefunikwa kawa, maini, mayai, uji wa pilipili manga. Nikiwa nimelala naota yangu nilimsikia shangazi upande wa pili wa ukuta akiuliza, "Lakini kaambiwa?" na mama akajibu, "Aambiwe nini? Mtu si uso." Nilidhani wanamsema mwingine. Kisha kitanda kikaja kutoka Temeke kwenye mkokoteni, samadari hii hii, kwa sababu bwana harusi aliapa hatanunua kitanda wakati ana mikono. Kilipowekwa chumbani nilipitisha vidole juu ya maua yale, petali moja moja, hakuna mahali palipokwaruza. Mwanaidi alikuwa amekuja kunitazama. Nikamwambia, "Ajabu, mtu anayekimbia vile, ameupata wapi utulivu wa kuchonga hivi?" Mwanaidi akasema kichwa kinamuuma, akatoka. Hakurudi tena mpaka siku ya harusi, na siku ya harusi alisimama nyuma ya wanawake wote.

Ndoa ilifungwa barazani baada ya alasiri. Nilikuwa nimeketishwa kitandani, nimefunikwa ushungi, hina imekolea, chumba kimejaa wanawake mpaka hakuna pa kupitisha mkono. Bi Tausi alikuwa ameniambia nisiinue macho hata paa likianguka. Vigelegele vikapanda, mlango ukafunguliwa, bwana harusi akaingia na mpambe wake nyuma akimshikia mwavuli, nami nikainua macho, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona na sikuona sababu ya kumwogopa. Mlangoni alisimama kijana wangu, kanzu nyeupe, mwavuli mkononi. Na mbele yangu, ndani ya joho na kilemba, alisimama mshika kibendera.

Sikujua ninachosema. Naapa sikujua. Nilisema kwa heshima, kama unavyomwelekeza mgeni aliyepotea, "Samahani, kaka, umekosea chumba."

Mwanamke mmoja akacheka. Yule mtu alinitazama kwa jicho lake moja, na nikaona ameelewa yote, kwamba nilikuwa nangoja mtu na mtu huyo si yeye. Nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini uso ule wa wakati ule haujanitoka. Akasema taratibu, bila hasira, "Sijakosea, Tatu. Ila ukitaka nitoke, nitatoka." Alikuwa ananisubiri nimjibu. Alisubiri kweli, mbele ya wanawake wale wote, na jasho likimtoka chini ya kilemba. Mimi nilikuwa nimefundishwa kunyamaza, nikanyamaza. Basi akageuka, akatoka, akaenda kukaa barazani na nguo zake za harusi, na watu wakipita wanamtazama. Baada ya magharibi wazee walimbembeleza arudi. Alipofika mlangoni hakusukuma, alibisha. "Hodi," akasema.

Na tangu siku ile mpaka siku aliyopelekwa hospitali hakuingia chumbani kwake mwenyewe bila kubisha hodi. Tulihamia Temeke, tukajenga, tukapanga, tukajenga tena, na kila jioni akirudi kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi zake alisimama mlangoni mwa chumba alichokijenga yeye, mbele ya kitanda alichokichonga yeye, akabisha. Watoto walikua wakidhani ndivyo baba za watu wote wanavyofanya. Majirani walimcheka. Mimi mwanzoni sikumjibu, alibisha, akangoja kidogo, akaingia, akakaa upande wake kama mpangaji. Hakunipiga, hakuninyima, hakuniuliza hata siku moja nilikuwa nangoja nani. Yule kijana, Salehe jina lake, alikwenda Tanga kwenye katani kabla hata fungate yetu haijaisha, na nikaja kusikia amenenepa. Sikuumia. Nilikuwa nimekwisha kuumia kwa mambo mengine. Mtoto wetu wa kwanza alikufa akiwa bado hajatambaa, na Athumani alizipiga randa mwenyewe mbao za kaburi, akazilainisha kama alivyolainisha maua ya kitanda, ingawa zilikuwa zinakwenda kufukiwa. Jioni ile akaja mlangoni, maranda kwenye nywele, akabisha. Nikasema, "Karibu." Ilikuwa mara ya kwanza. Alishika fremu ya mlango akalia, nami nikalia, na sikujua kama tunamlilia mtoto peke yake. Tangu hapo nilimkaribisha kila siku. Nilimpenda, nalisema wazi kwa kuwa yeye hayupo kulisikia. Siku nyingine nilimwambia, "Baba Zaina, hii hodi ya nini, chumba si chako?" Akacheka na jicho lake. "Mtu huhakikisha," alisema.

Mwanaidi alisikiliza yote hayo akiwa mkekani, chai yake imepoa. Baada ya harusi yangu aliolewa Morogoro, akaondoka bila kuniaga, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona nitamuuliza swali moja tu. Nikamuuliza. "Yule mama wa mihogo alikuonyesha nani?" Akasema, "Alinionyesha Athumani wako. Alisema yule mwenye kibendera." Kisha akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Niligeuka nikakuona umeuma buibui, unatetemeka wote. Nikajisemea, posa imeshakubaliwa, haitarudi nyuma. Atakuwa naye maisha yake yote. Basi aachwe apate hizi wiki. Nilidhani nakupa zawadi, Tatu. Halafu ikawa kubwa, nikashindwa kuivunja."

Nikamwambia ukweli, kwamba wiki zile zilikuwa tamu, kwamba hata leo nikila zambarau nazikumbuka, na kwamba singemlaumu kama gharama yake ningeilipa mimi. "Lakini aliyelipa ni yeye," nikasema. "Ungeniambia, ningelia wiki zote zile, ningefika kitandani nimekwisha kulia, na nisingemwambia lile neno. Mtu amebisha hodi kwake mwenyewe maisha yake yote, Mwanaidi." Akainamisha kichwa. Alikuwa mzee sana pale mkekani, na mimi pia. Akauliza kwa sauti ya chini kama Athumani aliwahi kusamehe. Nikamwambia hatukuwahi kulitaja. Kisha nikamsimulia la hospitali, ambalo sijamsimulia hata Zaina.

Kisukari kilikuwa kimelichukua na lile jicho lililobaki, na mwishoni kikaanza kuchukua na kumbukumbu zake. Alikuwa amelazwa kwenye chumba kidogo cha pembeni. Siku moja kabla hajafa nilikwenda na uji wa mtama kwenye chupa, nikasukuma mlango, na kandambili zangu zikalia sakafuni. Akageuza uso kunifuata kwa sikio. Alikuwa ananitafuta kichwani mwake na hanipati. Akasema kwa adabu, kama unavyomwelekeza mgeni aliyepotea, "Samahani, dada. Nadhani umekosea chumba."

Sikuwa na jibu jingine ila lile alilonipa yeye. Nikasema, "Sijakosea, Athumani. Ila ukitaka nitoke, nitatoka." Nikasimama pale mlangoni nikangoja, kama alivyongoja yeye mbele ya wanawake wale, na ndipo nilipojua kungoja kule kunavyouma. Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukapapasa ukingo wa kitanda mpaka ukapata nafasi, ukaipangusa kama anayepangusa vumbi la mbao.

"Kaa," akasema. "Kaa hapa, dada. Usisimame."